Jina Linaloanza na N

Jumapili iliyopita tulimwacha Mwelwa akiwa na furaha, na furaha kwake haijawahi kukaa. Waliomfuata tangu mwanzo wanakumbuka. Clovis, mchumba wake wa kwanza, alimwoa rafiki yake. Mama yake Mwelwa akafariki mwezi uleule. Kisha shule ya watoto wadogo aliyokuwa akifundisha ikang'olewa paa na mvua, ikafungwa, naye akarudi kukaa kwa baba yake, mtaa wa Katuba, Lubumbashi.

Ndipo akaja Dieumerci, mtaalamu wa mbegu za mahindi, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Akamposa. Mzee Katongo, baba yake Mwelwa, akakubali. Ndoa ikapangwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Shida ilikuwa moja tu. Dieumerci alifanya kazi Mitwaba, mbali kaskazini, na barabara ya Mitwaba mnaijua: matope na malori yaliyopinduka. Kwa muda wa miezi mitano, wachumba hawa na ukoo wao walionana zaidi ndani ya simu, kila Jumapili saa kumi alasiri.

Mama Adolphine, mama yake Dieumerci, aliingia akiwa kwa binti yake mkubwa Chancelvie, katika villa ya mtaa wa kitajiri wa Golf. Ruphin, kitinda mimba, wakala wa forodha, aliingia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yakinguruma nyuma yake. Dieumerci aliingia pale mtandao uliporuhusu. Mwelwa aliingia akiwa kwenye kiti cha plastiki, katika lupango, ua wa nyumba ya baba yake.

Wiki za kwanza zilikuwa chungu. Walisalimiana, wakaulizana afya, wakatazamana. Chancelvie alimkagua Mwelwa kama mtu anayekagua nguo ya mitumba, akitafuta tundu.

Ni Mwelwa mwenyewe aliyeleta michezo. Alikuwa amewafundisha watoto wa miaka minne, alijua jinsi ya kuwaamsha watu waliokunja uso.

Aliwaletea "Leta Kitu": mmoja anataja rangi, kila mtu anakimbia nyumbani mwake, wa mwisho kurudi mbele ya simu anaimba. Siku ya kwanza Mama Adolphine alirudi na kaptula ya mkwewe. Walicheka mpaka simu ya Golf ikaanguka.

Aliwaletea "Ganda": unatulia tuli bila kupepesa, na wenzako wanakisia kama rezo, yaani mtandao, imekatika au unawadanganya. Hapo Ruphin hakuwa na mpinzani. Aliwahi kuganda dakika nzima mdomo wazi, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi.

Na aliwaletea "Mimi ni Nani": mmoja anaondoka, wengine wanachagua jina, akirudi anauliza maswali ya ndiyo na hapana mpaka ajue yeye ni nani. Kupata jina ni pointi tano.

Kwa michezo hiyo Mwelwa aliamini ameingia katika ukoo. Hata Chancelvie alianza kumwita "mutoto wetu", naye akamwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Wiki tatu za mwisho Dieumerci aliingia bila sura wala sauti. Kisanduku chake kilikuwa cheusi, na majibu aliyaandika. Rezo mubaya, aliandika. Mwelwa hakulalamika, kwa sababu katikati ya wiki Dieumerci huyohuyo alikuwa akimwandikia maneno ambayo hakuwahi kumwandikia. Jumatano Mwelwa alimweleza kwamba anaogopa gauni litamkaa vibaya mabegani. Jibu likaja: "Mabega yako yamebeba mengi bila msaada. Gauni litazoea."

Alilisoma mara tano. Akamjibu: "Hujawahi kusema nami hivi."

Sasa tuingie Jumapili yenyewe.

"Leo anaanza bibi-arusi," Chancelvie alisema. "Mimi ni Nani. Ondoka, Mwelwa, na usisikilize."

"Muchague muntu mwepesi, Yaya Chancelvie."

"Mwepesi kabisa. Iko karibu na weye."

Mwelwa aliweka simu kwenye kigoda akaenda hadi kwenye bomba, mwisho wa lupango. Mzee Katongo alikuwa mlangoni akimenya mihogo.

"Leo tena banakufukuza?"

"Ni mchezo, Papa."

"Minaona. Cheza, mwanangu." Alipenda kumsikia akicheka. Nyumba ile ilikuwa imekaa kimya muda mrefu.

Aliporudi, nyuso zilikuwa zimebadilika. Mama Adolphine alikuwa amevua miwani. Ruphin alitazama pembeni. Chancelvie peke yake alikuwa ameketi wima, midomo imebanwa, kama mtu mwenye kitu kitamu mdomoni.

"Yaya," Ruphin alisema, "tubadilishe ile jina. Tuweke lingine."

"Ruphin, nyamaza. Jina limepita."

Mwelwa alicheka. "Shemeji ananionea huruma. Usiogope, nitaweza. Mimi ni muntu?"

"Ndiyo," alijibu Chancelvie.

"Mwanaume?"

"Hapana."

"Niko hai?"

"Sana."

"Ni muimbaji? Banamujua mu inchi yote?"

Chancelvie aligonga goti kwa kicheko. "Hapana. Huyu hata jirani zake bamemusahau."

"Niko hapa Lubumbashi?"

"Hapana."

"Kasumbalesa?"

"Hapana," Ruphin alijibu, macho chini.

Mwelwa alifikiri kidogo. "Mitwaba?"

Ruphin aliinua macho. Kisha kwenye kisanduku cheusi cha Dieumerci likatokea neno: Ndiyo.

"Ah, basi nimekaribia. Ninafanya kazi na Dieumerci?"

"Hapana."

"Mwelwa ananijua?"

"Hapana," Chancelvie alisema, "na njo maana mchezo iko muzuri."

"Sasa nitajua namna gani muntu ambaye simujui?"

"Weye njo mwalimu. Endelea."

Mwelwa aliendelea. Alikuwa bado anatabasamu, ingawa tabasamu lilikuwa limeanza kumchosha mashavu. "Dieumerci ananijua?"

Mama Adolphine alikohoa. Chancelvie aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtetemeka. "Ndiyo. Anakujua vizuri."

"Mimi ni mwenye nyumba anamopanga?"

"Nyumba?" Chancelvie alishindwa kujizuia. "Mama, nyumba tuseme ndiyo ao hapana? Kitanda kiko kimoja."

Kisu cha Mzee Katongo kikasimama juu ya muhogo.

Mwelwa hakucheka tena. Aliinua simu kutoka kwenye kigoda, akaishika kwa mikono miwili. Angeweza kuacha pale. Usiku mwingi baadaye alijiuliza kwa nini hakuacha. Lakini aliyeanza kuuliza hawezi kubaki katikati ya jibu.

"Niko na mutoto?"

"Ndiyo."

"Mwelwa," baba yake alisema kwa sauti ya chini, "zima."

"Mutoto wangu ni mutoto wa Dieumerci?"

Kasumbalesa lori lilipiga honi, likapita. Jibu likatoka kwenye kisanduku cheusi, kwa herufi kubwa: NDIYO.

"Mimi ni bibi yake?"

"Ndiyo," Chancelvie alisema taratibu. "Lakini bila jina hatukupi pointi."

"Yaya Chancelvie, sitaki pointi."

"Sheria ulileta weye. Tunakusaidia. Linaanza na N."

Mwelwa alikaa akitazama herufi hiyo hewani. Na hapo, bila kuitafuta, siku moja ikamrudia. Mwezi wa pili wa uchumba, Dieumerci alimpigia simu akiwa amechoka, akasema, "Lala salama, Numbi." Alipomuuliza, alijibu kwamba ni jina la mbegu mpya ya mahindi wanayoijaribu, imemkaa kichwani mchana kutwa. Tangu hapo Mwelwa alikuwa akiulizia kwa upendo: Numbi yako inaendeleaje? Naye alijibu: Inakua vizuri.

"Numbi," Mwelwa alisema.

Chancelvie alipiga makofi. Alipiga kweli, mara tatu, bangili zikilia. "Pointi tano. Mama, mi nilikuambia huyu mutoto iko na akili."

Mama Adolphine alivaa miwani yake. Alizungumza kama mtu anayefunga kikao. "Mwelwa, unaona mwenyewe. Hapa hakuna hata mumoja amekuambia kitu. Umeuliza, umejua. Kama unaona hautaweza, sema ni weye umekataa, na baba yako asikie ni weye. Jina la kwetu lisitembezwe mu Katuba."

"Mama, mulijua tangu mwanzo?"

"Mutoto wa kule iko na miaka mine. Tungekosa kujua?"

"Na mulikuja hapa kwa Papa. Mulikula bukari yetu."

"Bukari ilikuwa nzuri," Chancelvie alisema.

Mwelwa alikileta kisanduku cheusi karibu na uso. "Dieumerci. Fungua sauti. Sema kitu."

Kisanduku kilibaki cheusi.

"Usimulilie sana," Chancelvie alisema. "Unazani hii jina nilichagua miye? Angalia." Alisogeza simu yake ya pili mbele ya ile ya kwanza, ikarukaruka mpaka maandishi yakasomeka. Ulikuwa ujumbe kutoka namba ya Dieumerci, wa saa kumi na dakika tatu: Leo muweke Numbi.

"Ni ye mwenyewe. Alishindwa kukuambia mudomo kwa mudomo, akakutumia mchezo wako. Hata mi nilishituka."

Hilo lilimvunja kuliko yote. Kudanganywa alikuwa amezoea. Lakini kwamba mwanaume yule aliyemwandikia juu ya mabega yake aliketi Mitwaba, akachagua siku, akachagua mchezo, akamwacha ajichimbie shimo kwa maswali yake mwenyewe mbele ya watu wanaocheka, hilo hakulizoea. Mwelwa aliweka mkono mdomoni ili Chancelvie asisikie sauti iliyokuwa inamtoka.

Ndipo alama ya sauti kwenye kisanduku cheusi ikawaka.

Kwanza kikasikika kikohozi cha mtoto. Kisha sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Dieumerci haiko hapa. Miye njo Numbi."

Safari hii walikuwa wameganda bila kucheza.

"Nani alikupa simu ya mutoto wangu?" Mama Adolphine aliuliza.

"Aliiacha, Mama. Iko wiki tatu. Alisema anashuka Lubumbashi juu ya papiers, makaratasi ya kazi, atarudi nyuma ya siku ine, na kule atanunua simu ingine. Hajarudi. Jumapili simu ikalia. Nikafungua, nikaona sura zenu. Nikasikia munaongea ndoa. Njo nilijua iko na ndoa."

"Wiki tatu ni weye ulikuwa unacheza na sisi?" Chancelvie alisema.

"Ni miye."

"Mwizi. Muchawi."

"Yaya, ningefungua sauti mungekata. Munanikataaka kila siku." Numbi hakupandisha sauti. "Na weye Mwelwa, nisamehe. Nilizani Dieumerci iko kwako. Kila Jumapili nilikuwa naangalia nyuma yako. Mulango, pazia, viatu. Niliona tu viatu vya muzee. Nikasema, amejificha. Leo nikasema, tuweke jina yangu, akilisikia kwa mudomo wako atatokea."

Mwelwa alijikuta amegeuka kutazama mlango wa nyumba yao wenyewe. Mlangoni alikuwepo baba yake tu, amesimama, kisu mkononi, maganda ya mihogo miguuni.

Swali lililotoka halikuwa lile alilotaka kuuliza. "Na ile ya Jumatano? Ya mabega?"

Upande wa pili Numbi alimtuliza mtoto kwanza.

"Ni miye pia."

"Zote? Tangu wiki tatu?"

"Zote. Ulikuwa unaandika kama muntu hana muntu. Nilianza juu ya kukuchunguza. Kisha nikawa nakujibu kweli. Usiku nilikuwa najichukia."

Kwa hiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuandikiwa maishani yalitoka kwa mke wa mchumba wake. Mwelwa hakujua amchukie kwa kumwandikia au kwa kuacha kumwandikia.

Lakini Mama Adolphine alikuwa ameshika jambo lingine, na lilimwingia polepole kama maji ndani ya kiatu. "Ngojeni. Kama haiko Mitwaba wiki tatu. Na haiko kwa Mwelwa. Kwangu hakufika." Alimgeukia binti yake. "Chancelvie, wiki tatu tumekuwa tunacheka na nani? Mutoto wangu iko wapi?"

Chancelvie aliutazama tena ule ujumbe kwenye simu yake ya pili.

"Lori ilianguka mu barabara ile wiki aliondoka," Numbi alisema. "Nilienda kuangalia. Nilikuta banaume babili bamefunikwa. Nilifunua moja moja. Hakuwa ye. Lakini ile barabara haina lori moja."

Mama Adolphine alianza kulia bila kujifunika. Miwani ilimteleza puani, hakuirudisha. Chancelvie, aliyekuwa akipiga makofi robo saa iliyopita, aliigeuzia simu uso uliofura kwa hasira.

"Ni weye, Mwelwa. Weye na michezo yako. Kama si hii michezo, tungekuwa tunaongea na muntu kama bantu, tungejua zamani."

"Basi," Mzee Katongo alisema. Alikuja mpaka nyuma ya kiti cha binti yake, uso wake ukaingia kwenye picha. "Mama Adolphine, minakusikilizia uchungu wa mutoto. Lakini mulikuja kwangu, mukakaa mu viti vyangu, mukanidanganya. Mwelwa, zima hii simu, tuingie ndani."

"Dakika moja, Papa."

Aliomba dakika hiyo kwa sababu alikuwa ameona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kisanduku cha Ruphin hakikuwepo tena. Tangu sauti ya Numbi isikike, Ruphin hakuwa amesema neno, na sasa alikuwa ameondoka bila kuaga.

"Ruphin amekatika," Chancelvie alisema. "Rezo."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Mwelwa. Ujumbe ulishuka juu ya nyuso zao, wa Ruphin, kwake peke yake.

"Shemeji, mama asijue. Dieumerci iko hapa kwangu tangu wiki tatu. Alikuwa amekaa pembeni ya simu, alisikia yote. Kesho asubuhi anavuka Zambia. Anasema kama bado unamutaka, kuja leo, peke yako."

Mwelwa alisoma. Akasoma tena sehemu ile moja: alisikia yote. Akilini alimwona Dieumerci ameketi kwenye kitanda cha mdogo wake, hatua moja kutoka kwenye simu, akimsikia yeye akiuliza kama mtoto ni wake, akiusikia mkono wa dada yake ukipiga makofi, akimsikia mkewe akieleza jinsi alivyowafunua maiti. Naye ametulia.

"Nani amekuandikia?" baba yake aliuliza kwa kunong'ona.

Mwelwa aliusogeza ujumbe pembeni kwa kidole gumba.

"Mwelwa," Numbi aliita. "Sikutafutii ubaya. Simutaki hata arudi, kama anakutaka weye, muchukue. Mutoto iko na homa, anamuulizia kila asubuhi. Nataka tu kujua kama ni muzima, nimuambie mutoto. Hakuna kitu unajua?"

Mama Adolphine alikuwa ameisogelea simu mpaka yakabaki yakionekana paji la uso na jicho moja lililolowa. "Binti yangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kama unajua kitu, sema. Nakuomba kwa magoti."

Neno moja lingetosha. Mzima. Mwelwa alikuwa nalo kwenye ulimi, na nyuma ya neno hilo alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Mama huyu alikula kwao. Mwanamke huyu alisoma moyo wake wiki tatu. Na kulikuwa na jambo la tatu, lililomtia aibu hata mbele ya nafsi yake: bado alitaka kumwona Dieumerci, tena kabla ya wote.

"Hapana," alisema. "Sijui kitu."

"Asante," Numbi alijibu, kwa adabu ileile.

Hakukata sauti yake. Pengine alidhani ameikata. Mtoto alikohoa tena, akauliza kitu ambacho Katuba hakikusikika vizuri, na Numbi akamjibu taratibu, kama mtu aliyekuwa ameliandaa jibu hilo siku nyingi akingoja tu ruhusa ya kulisema.

"Papa amekufa, mwanangu. Tulia. Kesho nitakunyoa nywele za msiba."

Mwelwa alimsikia vizuri. Kisha akakata simu, akampita baba yake, akaingia ndani kutafuta viatu vya safari ya Kasumbalesa.